Safari ya Ukerewe Niliyoifanyia Mkolani

Jumatatu, 4 Agosti

Yasmin amepiga mwayo. Mbele yangu! Nilikuwa katikati ya kumweleza tofauti ya sponji ngumu na sponji laini, elimu ambayo fundi makochi mwingine wa hapa Igogo angeificha kama siri ya ukoo. Yeye akafungua mdomo nikaona mpaka magego. Nikamwuliza kama amechoka. Akasema hapana, ila habari ya sponji aliisikia jana. Na juzi.

Niseme wazi humu, maana kwingine nachekwa. Nampenda Yasmin. Anaoka keki za harusi nyumbani kwa shangazi yake, Bi Mwanabaraka. Kila jioni nikifunga karakana napita kwao, nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jiko, naongea mpaka Bi Mwanabaraka aanze kufagia chini ya miguu yangu. Mwaka mzima sijakosa. Nilidhani hiyo ni sifa.

Nikaenda kulalamika kwa Jairo. Jairo Ogweno ni mtu wa Rorya, rafiki yangu tangu shule, sasa anafundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa anaandaa somo la methali. Nikachungulia begani kwake, nikasoma kwa sauti: "Absensi meksi zi hati gro fonda." Nikamwuliza kama ni moyo unaoota vidonda.

Jairo alicheka mpaka kalamu ikamtoka. Akasema hakuna vidonda hapo. Maana yake ni kwamba ukitengana na umpendaye, moyo huzidi kupenda. Akasema hutumika kumfariji mtu ambaye mwenzake yuko mbali. Mke ambaye mume yuko machimboni Geita. Mwanafunzi wa bweni anayelilia kwao. Akainua kidole kama yuko darasani, akasisitiza kwamba hiyo ni faraja, si agizo. Waingereza humwambia mtu aliyekwisha kutengana. Hawamtumi akatengane.

Hapo mwisho sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimeshapata dawa!

Fikiria. Waingereza walipanda meli wakaenda kutawala nusu ya dunia, wake zao wakabaki nyumbani wakizidi kuwapenda. Watu wale hawakuwa wajinga. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki mwaka mzima nikijitawala mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeaga. Nimemwambia Yasmin nimepata kazi Ukerewe, kule kisiwani, makochi ya nyumba ya wageni, sijui nitarudi lini. Sauti niliishusha. Nikatazama ziwani, ingawa kutoka kwao ziwa halionekani, linaonekana choo cha jirani.

Nilitegemea machozi. Akaniuliza kama nitaweza kumletea machungwa ya kule.

Nikamwambia pia kwamba simu itakuwa haipatikani, mtandao kule ni wa shida. Hapo akaacha kukoroga unga. Akasema basi kabla sijaondoka kuna jambo anataka kuniambia, nikae kidogo. Nikataka kukaa. Mguu mmoja ulikuwa umeshaanza kukaa! Lakini nikajizuia kiume. Ukitaka mtu aone njaa, huanzi kwa kumwonjesha. Nikamwambia ataniambia nikirudi. Akasema, "Msafiri, ni jambo la maana." Nikasema ndiyo maana lisubiri. Nikatoka bila kugeuka nyuma, nikajikwaa kwenye ndoo.

Jairo naye nimemuaga hivyohivyo. Sikumwambia ukweli. Mwalimu hajui kusema uongo, huanza kutoa mifano.

Jumatano, 6 Agosti

Niko Mkolani, daladala moja tu kutoka Igogo, kwa dada yangu Bushra.

Ukerewe kweli sikwenda. Nina sababu zangu. Maji yale ni mengi na hayana pa kushika. Jina Msafiri nilipewa kwa sababu mama alinizaa akiwa safarini. Safari yenyewe aliifanya yeye. Mimi nimeishia Usagara, nje kidogo ya mji.

Na methali haikusema lazima uende mbali. Imesema usiwepo. Mkolani sipo Igogo. Nimetimiza.

Bushra hakuona hekima yoyote. Akasema mtu mzima anayejificha kwa dada yake hatakula bure, atafanya kazi. Nimejenga upya banda la kuku. Kuku wamenitazama namna Bi Mwanabaraka anavyonitazama. Shemeji Shimba, ambaye ni dereva wa bodaboda, alikuja kula mchana, akasikiliza mpango wote huku anachambua samaki sato, akauliza swali moja tu: kama mimi sipo na Yasmin asipojali, nitajuaje?

Nikamwambia hiyo ni lugha ya watu, hataielewa.

Jioni saa ya kwenda kwa Yasmin ikafika. Miguu ikasimama yenyewe. Nikaikalisha. Ikasimama tena. Moyo unapenda kweli! Dawa inafanya kazi, ila naona imeingia kwa mgonjwa asiyehusika.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Bushra alikwenda mjini kununua vitambaa, akapita Igogo. Amerudi na habari kwamba nje ya nyumba ya Bi Mwanabaraka amemwona Farouk. Anaingia! Na begi!

Farouk ni fundi friji. Ana masharubu, ana begi la vifaa lenye zipu mbili, na ana tabia ya kuwaambia wanawake kwamba tatizo ni dogo. Nikamwuliza Bushra kama Yasmin alionekana ana majonzi. Akasema alionekana kwa mbali, amebeba sufuria. Nikauliza sufuria la majonzi au la kawaida. Bushra akaniambia nikamalizie mlango wa banda.

Nimefikiria kuwasha simu. Nimeishika. Nimeiweka chini. Nimeishika tena. Mwishowe nimempa Bushra aifungie kabatini na funguo abaki nazo, hata nikilia. Nimelia kidogo. Hajatoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wamekwenda kwenye maonyesho ya wakulima. Mimi na kuku.

Baada ya swala ya Ijumaa nilimwombea dua Yasmin anikumbuke. Nikaongeza na friji isipone haraka. Halafu nikaogopa. Friji isipopona, Farouk anabaki. Nikarudi kubadilisha dua, nikakuta msikiti umefungwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Lile la Alhamisi halikuwa balaa.

Asubuhi nimeazima pikipiki ya Shimba, koti lake la njano, na helmeti yenye kioo cheusi. Nimemwambia nakwenda kununua misumari. Nikaenda moja kwa moja Igogo, nikaegesha mkabala na nyumba ya Bi Mwanabaraka, kioo nimeshusha. Mpango ulikuwa kupeleleza tu. Nione kama Farouk yupo, nione kama Yasmin amekonda.

Sikujua kwamba ukivaa koti la bodaboda watu wanakuona ni bodaboda. Mama mwenye ndoo ya dagaa alitaka nimpeleke Mkuyuni. Nikamwambia sina mafuta. Akauliza mbona injini inaunguruma. Nikaizima. Akanitukana kwa Kisukuma, kwa urefu.

Mara mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee wa kanzu, simjui, kashika mkoba. Nyuma yake Yasmin mwenyewe! Hajakonda hata kidogo. Mzee akavuka barabara, akapanda nyuma yangu kama aliyenikodi tangu jana.

"Buzuruga, kijana. Nawahi basi la Musoma."

Nikataka kukataa. Lakini Yasmin alikuwa ameshanifikia, tuko uso kwa kioo. Akaniambia, "Dereva, mwendeshe taratibu, huyu ni baba yangu mdogo." Nikatikisa helmeti. Hakunitambua! Mwaka mzima nakaa jikoni kwake na hajui mabega yangu! Nikawasha pikipiki.

Baba mdogo. Hapo nikakumbuka. Baba yake Yasmin ni marehemu, na huyu Mzee Bashiru wa Musoma ndiye walii wake. Bila yeye hakuna ndoa. Na yuko mgongoni kwangu.

Tulipopita mjini akaanza kuongea, kinywa karibu na sikio la helmeti.

"Una mke wewe?"

Nikatikisa kichwa.

"Ukitaka kuoa, kaa mahali uonekane. Usiwe kama mwenzako mmoja anayeitwa Msafiri. Nimetoka Musoma tangu Jumatano kwa ajili yake. Binti alinipigia akaniambia, baba mdogo njoo, kuna mtu, nataka umwone. Nimefika, mtu hayupo! Kaenda Ukerewe kutengeneza makochi. Simu kazima."

Nikakohoa ili sauti iwe nzito, nikasema labda alikuwa na dharura.

"Dharura ya makochi?" akauliza mzee. "Rafiki yake mwalimu, mtu mwema sana, jana alfajiri amepanda meli kwenda kumtafuta. Akaahidi jioni atarudi naye. Binti akapika pilau sufuria zima. Kavaa gauni jipya. Tumeketi. Meli imekuja, hakuna mwalimu, hakuna Msafiri. Pilau tukampa fundi friji."

Pilau yangu! Farouk amekula pilau ya posa yangu!

Nilikata kona ya Mabatini vibaya, mzee akanishika kiuno. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza Yasmin alisemaje.

Akaachia kiuno changu. Halafu, polepole: "Jina la Yasmin umelipata wapi?"

Nikasema amelitaja yeye.

"Sijalitaja."

Nikakaza macho barabarani mpaka Nyakato. Hapo akasema tena, kama anayejisemea, kwamba binti hakulia. Aliosha masufuria. Yakaisha, akayaosha tena yaleyale. Akasema yeye hakutaka mali wala maneno mengi kutoka kwa huyo kijana. "Nilitaka nimwone uso tu. Mtu nikimwona uso, nimemaliza."

Na mimi mbele yake nina kioo cheusi mpaka kidevuni.

Tukafika stendi ya Buzuruga. Akashuka, akatoa nauli. Nikaona nikiondoka hivi sitaoa maisha yangu yote. Nikavua helmeti. Jasho linatiririka, masikio yamekunjamana.

"Shikamoo baba. Mimi ndiye Msafiri."

Mzee Bashiru alinitazama. Alitazama koti la njano, akatazama pikipiki, akarudi usoni.

"Marahaba," akasema. "Ukerewe wamejenga daraja?"

Nikaanza kumweleza habari ya methali. Nikaitamka na kwa Kiingereza chake. Wapiga debe wawili wakasogea kusikiliza. Mmoja akauliza kama naumwa. Basi likapiga honi, mzee akanitia nauli mkononi, nikakataa, akasema nichukue, maana hiyo ndiyo kazi ya kweli niliyofanya wiki hii. Akapanda. Basi lilipoanza kutoka akafungua dirisha, akanitazama tena kwa utulivu, akasema, "Haya. Nimekuona."

Basi likaondoka.

Sijui ana maana gani. Jairo angenifafanulia, lakini Jairo yuko Ukerewe ananitafuta.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa sababu nimegundua jambo: Yasmin hajui kitu! Mzee amekwenda zake Musoma. Kwa hiyo mpango bado uko hai. Ninachotakiwa ni kurudi kutoka Ukerewe.

Nimenunua machungwa Igogo sokoni. Nimejipaka vumbi kidogo kwenye viatu. Nikafika kwa Bi Mwanabaraka nikiyumba, kama mtu aliyeshuka melini. Shikamoo shangazi, marahaba. Wakanipa kiti changu. Yasmin akaketi, mikono mapajani, akasema nisimulie.

Nilisimulia! Mawimbi makubwa kama nyumba. Bandarini Nansio upepo mkali. Mwenye nyumba ya wageni alivyonisihi nisiondoke. Usiku nilivyokuwa nikitazama maji na kumwona yeye. Bi Mwanabaraka akauliza makochi yalikuwa mangapi. Nikasema hayahesabiki. Yasmin akachukua chungwa, akalinusa, akauliza kama mwuzaji ni yule mama wa kona mwenye mwavuli wa bluu. Nikasema hapana, ni mzee mmoja wa Kikerewe, kipofu.

Akaliweka chungwa chini. Halafu akasema, "Baba mdogo alinipigia simu jana akiwa Bunda."

Bi Mwanabaraka akaingia ndani. Nikasikia anacheka mpaka anakohoa.

Yasmin hakucheka. Nilitamani acheke. Nikamwambia kila kitu, methali na kuku na kabati la Bushra. Nikamwambia nilitaka anikumbuke. Akasema, "Nilikukumbuka. Siku ya kwanza nilikukumbuka sana. Ya pili nikakukumbuka. Ya tatu nikakumbuka nina keki ya ghorofa tatu." Akasema angenikumbuka vizuri zaidi kama nisingekuwa nahitajika. Nilikuwa nahitajika, na sikuwepo. Kiti kile kilikaa kitupu mbele ya baba yake mdogo, na yeye Yasmin akawa anakitolea maelezo. Hapo akageuka kama anaangalia jiko.

Nikasema nisamehe, Yasmin. Nilisema kweli. Sikuwa nimepanga.

Nikauliza habari ya Farouk. Akasema friji iliharibika, ikatengenezwa. Farouk ana wake wawili na hataki hata kusikia neno tatu.

Nikauliza mzee alisema nini kuhusu uso wangu. Akavuta pumzi. Mzee Bashiru amesema nina uso wa mpumbavu, ila si wa mtu mbaya, na pikipiki naendesha vizuri. Atarudi Desemba. Nikitaka, nije nikae mbele yake bila helmeti, na wazee wangu. Mpaka hapo, Yasmin amesema, nije Ijumaa tu baada ya swala, kama wageni wengine. Siku nyingine nimwache afanye kazi. Na habari ya sponji basi.

Sijakataliwa! Sijakubaliwa. Niko kwenye foleni.

Jumatatu, 11 Agosti

Jairo amerudi. Amebabuka pua, amepoteza kiatu kimoja, na amebeba gunia la machungwa kwa sababu kila alipouliza habari zangu ilibidi anunue kitu. Ameuliza fundi makochi Nansio yote. Wamemwonyesha mafundi wa mitumbwi, fundi saa, na mganga. Kwenye meli ametapika kwenda na kurudi. Shuleni leo hakuingia darasani.

Nilipomweleza nilikuwa Mkolani, alikaa chini kwenye gunia. Muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kwa nini.

Nikamwambia ni methali yake.

Basi akasimama, na kiatu chake kimoja, akanifundisha. Akasema methali si sheria ya serikali. Akasema Waingereza haohao wanayo nyingine inayosema kinyume kabisa: asiyeonekana machoni hufutika akilini. Zote mbili ni zao, na hawaoni aibu. Wapendanao wakitengana na mapenzi yakadumu, hutumia ile ya kwanza. Yakifa, hutumia hii ya pili. Mambo hutokea kwanza, ndipo mtu huchagua ya kusema, kama mtu anayechagua koti baada ya kuona mvua. Ameniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Ameniapisha nisitumie tena methali ya lugha yoyote. Nimeapa. Nikambebea gunia mpaka kwake.

Rafiki wa kweli. Mtu amevuka ziwa kwa ajili yangu.

Lakini njiani nikirudi nilisimama katikati ya barabara. Asiyeonekana machoni hufutika akilini! Ndiyo maana! Kumbe kosa halikuwa langu hata kidogo. Nilipewa methali isiyo sahihi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimehama.

Mkabala na nyumba ya Bi Mwanabaraka kuna kibaraza cha Mzee Mayala, kilikuwa kinakaa mbuzi. Nimeongea naye jana, mbuzi wametoka, nimeingia. Benchi, randa, sponji, kila kitu. Naona dirisha la jiko la Yasmin moja kwa moja. Na yeye ananiona, atake asitake.

Ile ahadi ya Ijumaa sijaivunja. Alisema nisije. Sijaja. Nipo tu.

Leo nimeanza kazi alfajiri, jogoo hajamaliza. Nimegonga misumari ya kochi la watu watatu kwa nguvu zote, ili hata asipotazama asikie. Majirani wametoka wengi. Hatimaye dirisha likafunguliwa. Yasmin! Kitambaa kichwani, mwiko mkononi. Alinitazama muda mrefu sana bila kupepesa. Ameduwaa kwa mapenzi! Halafu akaniita kwa jina langu na la marehemu baba yangu, yote mawili, kwa sauti iliyofika mpaka sokoni. Mwanamke hakuiti kwa majina mawili kama hukai moyoni mwake.

Amefunga dirisha. Ameweka na pazia. Nadhani amekwenda kujipamba.